Ving'amua Moshi Katika Mabweni na Maghala: Namna Mfumo wa Tahadhari ya Moto Unavyofungwa na Kuunganishwa

Kata za Nalasi Mashariki na Nalasi Magharibi zipo upande wa kusini wa Wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma, kuelekea Mto Ruvuma unaotenganisha Tanzania na Msumbiji. Makao makuu ya mkoa yapo Songea, ng'ambo ya Wilaya ya Namtumbo. Kwa mwananchi wa Nalasi, umbali huo una maana moja kubwa linapokuja suala la moto: gari la zimamoto haliwezi kuhesabiwa kuwa ndilo tegemeo la dakika za mwanzo. Maisha ya watu waliolala ndani ya jengo hutegemea muda unaopita kati ya moshi kuanza kufuka na mtu wa kwanza kuamka.

Makala hii inaeleza kifaa kinachofupisha muda huo, yaani king'amua moshi, na namna kinavyofungwa na kuunganishwa kwa nyaya katika mfumo wa tahadhari ya moto. Imeandikwa kwa ajili ya wajumbe wa bodi za shule, viongozi wa vyama vya ushirika, wasimamizi wa zahanati na nyumba za wageni, pamoja na wananchi wanaotaka kuelewa kazi wanayoilipia.

Kwa nini mabweni hupewa kipaumbele

Historia ya nchi yetu inatoa sababu ya kutosha. Mwezi Juni 1994, moto katika bweni la Shule ya Sekondari ya Wasichana Shauritanga, wilayani Rombo, uliua wanafunzi takriban 40. Mwezi Agosti 2009, wanafunzi 12 walifariki dunia katika Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa. Mwezi Septemba 2020, watoto 10 walipoteza maisha katika Shule ya Msingi ya Kiislamu Byamungu, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Nchini Kenya, moto wa Septemba 2024 katika shule ya Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri, uliua wanafunzi 21. Katika matukio haya yote, moto uliwakuta watoto bwenini usiku.

Mtu aliyelala hapaswi kudhani kuwa harufu ya moshi itamwamsha. Moshi hubeba hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlegeza aliyelala kabla ya ndimi za moto kumfikia. Ndiyo sababu kifaa cha kung'amua moshi huhesabiwa kuwa jicho lisilolala.

Maghala nayo yana hatari yake. Tunduru ni wilaya ya korosho, na ganda la korosho lina mafuta yanayoshika moto kwa urahisi. Ghala la chama cha msingi likiungua wakati wa msimu, jasho la mwaka mzima la wakulima wengi huteketea kwa usiku mmoja.

Sheria inasemaje

Usalama wa moto katika majengo unasimamiwa na Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, Sura ya 427, pamoja na kanuni zake za ukaguzi na utoaji wa vyeti. Maofisa wa Jeshi hilo wana mamlaka ya kukagua majengo na kuelekeza vifaa vinavyotakiwa. Kazi ya kufunga mifumo ya umeme hufanywa na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Mwenye jengo anashauriwa kuomba kuiona leseni hiyo kabla ya kusaini mkataba, na kupeleka michoro ya mfumo kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kabla ya kazi kuanza, kwani kurekebisha mchoro ni nafuu kuliko kubomoa dari.

Vipimo vinavyotajwa katika makala hii vinafuata kiwango cha Uingereza BS 5839, sehemu ya 1, ambacho hutumika sana katika usanifu wa mifumo hii. Maelekezo ya ofisa mkaguzi na ya mtengenezaji wa kifaa ndiyo yatakayofuatwa pale yanapotofautiana na vipimo hivi.

Sehemu za mfumo

Mfumo kamili una sehemu tano. Ya kwanza ni ving'amua, vinavyofungwa darini. Ya pili ni vitufe vya dharura, yaani visanduku vyekundu ambavyo mtu huvibonyeza au huvunja kioo chake anapouona moto mwenyewe. Ya tatu ni paneli ya udhibiti, inayopokea taarifa na kutoa amri. Ya nne ni ving'ora. Ya tano ni chanzo cha umeme, ambacho ni umeme wa gridi wa volti 230 pamoja na betri za akiba. Ndani ya paneli, umeme huo hushushwa hadi volti 24, na ving'amua na ving'ora hutumia volti hizo ndogo.

Ving'amua vyenyewe ni vya aina tatu kuu:

- King'amua moshi cha mwanga kina chumba kidogo chenye giza. Ndani yake taa ndogo hutoa mwanga usioonekana kwa macho, na jicho la umeme huwekwa pembeni ili lisiuone mwanga huo moja kwa moja. Moshi ukiingia, chembe zake huutawanya mwanga, jicho huuona, na kifaa hutoa taarifa. Aina hii huuwahi moto unaofuka polepole, kama wa godoro au nguo.
- King'amua moshi cha ayoni hutumia kiasi kidogo sana cha madini ya mionzi ya amerisiamu. Huuwahi moto wenye ndimi kali na moshi mwembamba. Kifaa hiki kisifunguliwe wala kuchomwa moto kinapochakaa. Ushauri wa namna ya kukiondoa utafutwe kwa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania.
- King'amua joto hakijali moshi. Hutoa taarifa joto linapofikia kiwango kilichopangwa, au linapopanda kwa kasi isiyo ya kawaida. Hiki ndicho kinachofaa jikoni, ambako kuni na mafuta ya kukaangia hutoa moshi kila siku.

Kwa bweni, kinachopendekezwa kwa kawaida ni king'amua cha mwanga. Kwa ghala lenye vumbi la magunia, uamuzi uachwe kwa msanifu, kwa kuwa vumbi huweza kudhaniwa na kifaa kuwa ni moshi.

Mahali pa kukifunga

Moshi wa moto hupanda kwanza, kisha husambaa chini ya dari. Kwa hiyo king'amua moshi hufungwa darini, sehemu yake ya kuhisi ikiwa kati ya milimita 25 na 600 chini ya dari. Kisifungwe ndani ya sentimita 50 kutoka ukutani, wala ndani ya mita 1 kutoka mahali hewa inapopulizwa na kiyoyozi.

Katika dari bapa, hakuna sehemu ya chumba inayotakiwa kuwa zaidi ya mita 7.5 kutoka king'amua moshi kilicho karibu. Kwa king'amua joto, umbali huo ni mita 5.3. Katika korido nyembamba isiyozidi upana wa mita 2, ving'amua moshi vinaweza kuachana hadi mita 15.

Tuchukue mfano wa bweni lenye urefu wa mita 24, upana wa mita 8 na dari bapa. Ving'amua 2 vikifungwa katika mstari wa katikati, kila kimoja mita 6 kutoka ukuta wa mwisho ulio upande wake, umbali wao utakuwa mita 12, na kona ya mbali zaidi itakuwa mita 7.2 kutoka king'amua. Kipimo kimetimia. Lakini boriti ya dari ikishuka kwa zaidi ya asilimia 10 ya kimo cha chumba, huhesabiwa kama ukuta. Vivyo hivyo kwa ukuta wa kugawa vyumba unaoishia chini ya sentimita 30 kutoka darini. Hapo kila sehemu hutakiwa kuwa na king'amua chake.

Majengo mengi vijijini hayana dari, bali paa la bati. Katika paa la mgongo, king'amua hufungwa karibu na kilele, si chini penye mteremko. Fundi azingatie pia kuwa jua la mchana huliunguza bati na kutengeneza tabaka la hewa ya moto chini yake. Moshi mwepesi huweza kukwama chini ya tabaka hilo usikifikie kifaa. Kuweka dari ya kawaida huondoa sehemu kubwa ya tatizo hili.

Namna nyaya zinavyounganishwa

Mfumo wa kawaida, ambao ni wa gharama nafuu na unatosha kwa shule ndogo, hugawa jengo katika kanda. Kila kanda ina saketi yake ya nyaya mbili, chanya na hasi, inayotoka kwenye paneli na kupita kwenye kitako cha king'amua kimoja baada ya kingine. Katika kitako cha mwisho hufungwa rezista ya mwisho wa saketi.

Rezista hiyo ndiyo siri ya mfumo mzima. Tuseme paneli inatoa volti 24 na rezista ni ya omu 4,700. Mkondo wa takriban miliampia 5 utapita wakati wote, na paneli itausoma kuwa ni dalili ya usalama. King'amua kikihisi moshi, hupunguza ukinzani wake, mkondo huongezeka mara kadhaa, na paneli hutangaza moto. Waya ukikatika, mkondo husimama, na paneli hutangaza hitilafu. Kwa njia hii, nyaya hizo hizo mbili hutoa taarifa tatu: salama, moto na hitilafu. Thamani ya rezista hutofautiana kwa kila paneli, hivyo itumike ile iliyokuja nayo kiwandani.

Kutokana na kanuni hiyo, kuna makosa matatu ambayo mwenye jengo anapaswa kuyajua hata kama si fundi.

Kosa la kwanza ni kutoa tawi pembeni mwa saketi. Waya wa tawi ukikatika, mkondo wa rezista utaendelea kupita katika saketi kuu, paneli itaonesha kuwa kila kitu ni salama, na king'amua cha tawini kitakuwa kimekufa bila mtu kujua. Nyaya lazima ziingie katika kitako na kutoka kuelekea kitako kinachofuata, bila tawi.

Kosa la pili ni kufunga rezista ndani ya paneli badala ya kitako cha mwisho. Fundi asiye mwaminifu hufanya hivyo ili taa ya hitilafu izimike haraka. Matokeo yake ni kwamba paneli hujisoma yenyewe, na saketi yote iliyo nje haina ulinzi.

Kosa la tatu ni kuunganisha waya unaoingia na unaotoka katika skurubu moja ya kitako. Vitako vingi vimetengenezwa ili mmoja wa nyaya upite katika king'amua chenyewe. Kikiondolewa, saketi hukatika na paneli hulalamika. Nyaya zikibanwa pamoja katika skurubu moja, king'amua kinaweza kuibiwa bila paneli kutoa taarifa yoyote.

Majengo makubwa, kama hospitali na hoteli, hutumia mfumo wa anwani. Humo nyaya hutoka kwenye paneli, hupita kwenye vifaa vyote na kurudi kwenye paneli, zikifanya kitanzi. Kila kifaa hupewa namba yake, hivyo paneli hutaja chumba chenye moto badala ya kanda nzima. Waya ukikatika mahali pamoja, vifaa huendelea kuwasiliana kupitia upande wa pili. Vifaa vya kutenga hitilafu huwekwa ndani ya kitanzi ili nyaya zikigusana zisiangushe mfumo mzima.

Ving'ora huwa na saketi yake, yenye rezista ya mwisho na yenye kuzingatia chanya na hasi. King'ora kilichogeuzwa nyaya hakitalia siku ya moto. Mahali pa kulala, sauti inatakiwa kufikia desibeli 75 kwenye mto wa anayelala, milango ikiwa imefungwa; katika sehemu nyingine, desibeli 65.

Kebo na chanzo cha umeme

Kebo za mfumo huu ni za kustahimili moto, kwa kawaida za rangi nyekundu na zenye nyaya za milimita za mraba 1.5. Hubanwa kwa vibanio vya chuma, kwa kuwa vya plastiki huyeyuka mapema na kuiangusha kebo. Hazichanganywi na nyaya za umeme wa volti 230 katika bomba moja.

Paneli hupewa laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi kuu ya umeme, isiyotumiwa na taa wala soketi, na swichi yake huandikwa wazi kuwa isizimwe. Waya wa athi huunganishwa kama mtengenezaji alivyoelekeza.

Betri huhitaji hesabu ya makini zaidi katika maeneo ambako umeme hukatika. Kipimo cha kawaida ni kuendesha mfumo kwa saa 24 bila umeme wa gridi, kisha kupiga ving'ora kwa nusu saa. Kama mfumo hutumia ampea 0.1 ukiwa kimya na ampea 1 ukipiga kelele, hesabu ni 0.1 mara 24, jumlisha 1 mara 0.5, ambayo ni ampea-saa 2.9. Kuongeza robo kwa ajili ya uchakavu huleta takriban 3.6. Ikikadiriwa kuwa umeme unaweza kukosekana kwa saa 72, hesabu hiyo hiyo hufikia takriban ampea-saa 9.6, na betri za ampea-saa 12 zitahitajika, mradi chaja ya paneli iwe na uwezo wa kuzijaza. Betri mbili za volti 12 huunganishwa kwa mfuatano ili kupata volti 24.

Hatua za ukaguzi kabla ya kupokea kazi

1. Nyaya zipimwe kabla ya ving'amua kuwekwa kwenye vitako. Kipimo cha insulesheni, ambacho mafundi hukiita mega, hutoa volti 500 na kinaweza kuunguza vifaa vya ndani vya king'amua na paneli.
2. Vifuniko vya vumbi vibaki juu ya ving'amua hadi rangi na usafi wa jengo vikamilike, kisha viondolewe vyote. Kifuniko kilichosahaulika humaanisha king'amua kisichoona.
3. Kila king'amua kijaribiwe kwa moshi wa kopo la majaribio, kimoja baada ya kingine. Kubonyeza kitufe cha paneli pekee hakutoshi.
4. King'amua kimoja kiondolewe katika kila kanda, na paneli ioneshe hitilafu.
5. Umeme mkuu uzimwe, na ving'ora vilie kwa betri.
6. Fundi akabidhi mchoro, hesabu ya betri, kitabu cha kumbukumbu na cheti cha kazi.

Matunzo ya kila siku

Mfumo mwingi hufa kwa kupuuzwa. Kengele ikilia mara tatu bila moto, anayesumbuliwa huzima swichi, na swichi hiyo husahaulika. Chanzo mara nyingi ni vumbi la kiangazi, wadudu walioingia katika chumba cha king'amua, au kifaa kufungwa karibu mno na jiko. Tiba ni kukisafisha, kukihamisha au kubadili aina yake, wala si kukizima.

Kitufe kimoja cha dharura kijaribiwe kila wiki, kwa siku na saa inayojulikana, na matokeo yaandikwe kitabuni. Fundi mwenye ujuzi aukague mfumo mzima angalau kila baada ya miezi 6. Ving'amua vinavyojitegemea vya majumbani, vinavyotumia betri yake ndani, hujaribiwa kwa kubonyeza kitufe chake na hubadilishwa baada ya takriban miaka 10.

Shule au kaya isiyoweza kugharamia mfumo kamili kwa sasa inaweza kuanza na ving'amua hivyo vinavyojitegemea, kimoja katika kila chumba cha kulala, vyenye alama ya ubora inayotambuliwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Bweni, hata hivyo, lihesabiwe kuwa bado linahitaji mfumo uliounganishwa, kwa sababu king'amua kinacholia upande mmoja wa jengo huenda kisisikike upande wa pili.

Hatimaye, ikumbukwe kuwa king'amua hakizimi moto wala hakifungui mlango. Kinampa mlalaji dakika chache, na dakika hizo hazina thamani kama mlango umefungwa kwa kufuli kwa nje, madirisha yote yana nondo zisizofunguka, na watoto hawajawahi kufanya zoezi la kutoka gizani. Mfumo wa tahadhari ufungwe sambamba na milango miwili ya kutokea inayofunguka kwa ndani ya bweni bila ufunguo, mitungi ya kuzimia moto, mahali palipotengwa pa kukusanyika, na orodha ya majina ya kuhesabia waliotoka.

Wananchi wanakumbushwa kutoa taarifa za moto na maokozi kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kupitia namba ya dharura 114, bila malipo. Mtoa taarifa ataje mkoa, wilaya, kata, kijiji na alama inayojulikana karibu na tukio. Simu ipigwe mara moja kengele inapolia, wakati watu wanaendelea kutolewa nje, bila kusubiri moto uonekane.